SGR au reli ya zamani, hela iende wapi kwanza?

Jamani mi SGR, hii reli mpya ya kisasa, naipenda, siwezi kudanganya. Dar mpaka Dodoma kama masaa manne hivi, treni ya umeme inagonga hadi 160 kwa saa, nauli ya kawaida ilianza na 31,000 mwaka 2024, ukikumbuka basi lilivyokuwa linatumalizia siku unashukuru tu.

Ila reli ya zamani, ile ya Mjerumani iliyofika Kigoma 1914, ndo inabeba watu wa Kaliua na Uvinza, na treni ikisimama usiku kwenye vistesheni vile unaona wamama wanakimbilia madirishani na karanga na kuku wa kukaanga, beseni kichwani, tochi ndogo mdomoni ili mikono irudishe chenji. Mvua ikizidi kati ya Kilosa na Gulwe mto unakula tuta, kama mafuriko ya mwanzo wa 2010, safari zinakatika na beseni linarudi nyumbani limejaa.

Kwa hiyo SGR iendelee, sipingi, lakini mi ningeanza na madaraja ya Kilosa na mabehewa ya daraja la tatu, maana wa Uvinza anasafiri wiki hii.