Kipimo cha BVD (ugonjwa wa kirusi wa kuharisha kwa ng'ombe) cha sikio la ndama, nimekitumia na haya ndo maoni yangu

Ndama wangu wote nimewapimisha kwa hii huduma ya maabara na sijutii. Wanakupa hereni, ukiibana inatoboa sikio na kukata kinyama kidogo kinachoingia kwenye kichupa chake, unatuma, basi.

Kilichonisukuma ni ndama mmoja jike asiyenenepa. Mama yake alipata kamafua akiwa na mimba ya miezi kama mitatu, akapona mwenyewe, kinga yake ilipambana vizuri tu, kumbe shida iko tumboni. Kirusi kikimfikia mtoto kati ya siku ya 40 na 125 hivi za mimba, kinga yake bado haijajua kipi chake kipi mgeni, inakizoea kama sehemu ya mwili na haitakipiga vita maisha yake yote, atazaliwa pengine mzuri tu huku mate, kamasi na mavi yake yanaambukiza zizi zima. Angekipata baada ya siku ya 150 angetengeneza kingamwili zake na mara nyingi angezaliwa salama. Hizo wiki chache zilinikosesha usingizi jamani.

Na kwa nini sikio? Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama, ndama anazinywa kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, sasa hizo za dang'a zinaweza kukificha kirusi ukipima damu ya ndama mchanga. Kwenye sikio hazisumbui sana.

Nilichopenda zaidi, ndama akitoka safi mama yake humpimi tena, maana ng'ombe mwenye kirusi cha kudumu anazaa ndama wa hivyohivyo.

Ila majibu yao ya yule jike! Neno moja tu, "anacho". Daktari wangu wa mifugo ndo akanambia nimtenge nirudie baada ya wiki tatu nne, coz hata maambukizi ya kupita yanaweza kuonekana. Nikarudia, jibu lilelile. Iliniuma ila alienda kuchinjwa, sikuweza kumuuzia mtu akafuge.

Tena hawakuniambia kwamba ng'ombe mwenye mimba anaweza kupimwa akaonekana safi na bado amebeba ndama mwenye kirusi, kwa hiyo ukinunua mwenye mimba mtenge mpaka azae, na ndama apimwe siku hiyohiyo. Nawapa nyota nne, ya tano wataipata wakiyaandika haya kwenye karatasi ya majibu.