Uzoefu wangu: shiti za poliaiso, tepu ya foili na povu la kopo kwenye dari la mbao la mteremko

Habari wakuu. Nimemaliza kazi ya dari la chumba cha juu na naandika kirefu kabla sijasahau, maana nilipokuwa naulizia watu wote walinijibu kitu kimoja tu, jaza insulesheni (vitu vya kuzuia joto na baridi kupita) rudisha mbao basi, na jibu hilo ndo lilinifanya nifanye kazi moja mara mbili. Vitu ninavyovizungumzia ni vitatu: shiti za povu gumu aina ya poliaiso zenye foili pande zote mbili unene wa sm 5, tepu ya foili ya kuungia, na povu la kopo la kupuliza kwenye nyufa.

Chumba chenyewe hakina uwazi kati ya dari na paa kama nyumba nyingine, yaani dari linapanda na mteremko wa paa mpaka kileleni, na limepigwa zile mbao nyembamba zinazochomekana, ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa mwenzake. Linapendeza sana kwa macho. Ila mama alipohamia kwetu akawa analala humo ndo tukajua shida yake, mchana jua likiwaka chumba hakikaliki, usiku wa baridi anajifunika mablanketi matatu na kofia kichwani, alafu asubuhi anakuta matone kwenye shuka na mbao zimeanza kupiga madoa ya kahawia kuzunguka vichwa vya misumari.

Tukasema paa linavuja. Fundi wa paa akaja mara mbili, akaziba akabadilisha vitu akalipwa, madoa yako palepale. Aliyenifumbua macho ni mama mwenyewe, asubuhi moja akaniambia mwanangu, mvua haijanyesha wiki ya tatu hii, haya maji yanatoka wapi? Nilikaa nikatafakari. Kweli hayakuwa ya mvua, ni unyevu wa ndani ya nyumba, pumzi za watu, bafu, nguo mbichi. Hewa ya joto inapanda juu, inapenya kwenye viungo vya zile mbao, inakutana na plaiwudi ya paa ambayo usiku imepoa, unyevu unageuka maji kama glasi ya kitu baridi inavyotoa jasho. Maji yanarudi chini kwenye mbao. Ukiacha miaka na miaka plaiwudi inaoza na ukungu unaingia.

Hapa ndo naomba watu wanielewe vizuri: mbao za kuchomekana hazizibi hewa hata kidogo. Kila kiungo ni ufa wenye urefu wa chumba kizima, na dari lina viungo vingi. Nilichukua kijiti cha udi nikakiwasha, nikafunga madirisha yote, nikawasha feni ya bafuni inayotoa hewa nje, nikapitisha kijiti taratibu sm chache chini ya dari. Feni ikivuta hivo hewa ya nje inajipenyeza ndani, na moshi ulikuwa unasukumwa chini na kutawanyika kila nilipofika kwenye kiungo, na kwenye taa zile za kuzama ndani ya dari ukawa unapeperuka kabisa kama kuna mtu anapuliza kutoka juu. Msitumie mshumaa kwa kazi hii, mbao kavu na moto wazi havikai pamoja.

Kushusha mbao sio kazi ngumu ila inataka subira. Anza na ule uliopigwa mwisho, kwangu ulikuwa juu karibu na kilele, ukikosea upande utavunja ndimi. Nilitumia mtaimbo mdogo mwembamba na kipande cha ubao cha kuegemeza ili nisiumize ubao wa jirani. Misumari usiigonge kurudi nyuma ikatokea usoni, ishike na plaizi kwa nyuma ivute ipite, kichwa kidogo kinapita bila kuacha alama. Nikaandika namba nyuma ya kila ubao kwa penseli na mshale unaoonesha juu. Katika mbao zote nilivunja nne tu. Nyuma yake nilikuta pamba ya faibaglasi iliyowekwa zamani, na pale viungo vilipokuwa pamba imekuwa nyeusi kwa mistari, ule weusi ni vumbi lililochujwa na hewa inayopita miaka yote, yaani pamba ilikuwa inafanya kazi ya kichujio, haizuii kitu. Vaa barakoa na mikono mirefu hapo, inawasha siku mbili.

Sasa kosa langu. Awamu ya kwanza nilikata shiti za poliaiso vipande vya upana wa nafasi kati ya kenchi na kenchi (zile mbao za mteremko zinazobeba paa), nikavichomeka, pembeni nikapuliza povu la kopo, nikarudisha mbao upande mmoja wa chumba. Siku hiyo nikarudia udi, moshi umetulia, nikafurahi sana. Ikapita miezi michache hali ya hewa ikabadilika, mama akaniambia upande ule baridi imerudi. Nikafungua mbao mbili tatu nikaangalia, povu la kopo limebandukana na kenchi, kaufa kembamba ila ncha ya kisu inaingia vizuri, na kanaenda na kenchi kutoka juu hadi chini. Mbao za kenchi zinavimba zikipata unyevu na kusinyaa zikikauka, povu gumu halifuati, kwahiyo lazima paachie mahali. Iliniuma kwa sababu ile kazi ya kukata vipande vyenye mteremko ni ya siku nyingi na mkono mzito. Vikaenda bure vyote.

Awamu ya pili nikabadilisha mpangilio na hii ndo naisimamia. Kati ya kenchi (zangu zina kina cha sm 20) nikaweka pamba ya mawe (insulesheni ya nyuzi za mawe, haiungui) sm 15, na juu yake chini ya plaiwudi nikaacha njia ya hewa ya sm 5 inayoanzia upenuni hadi kilele, nikaitenga na pamba kwa plaiwudi nyembamba ili pamba isisogee kuiziba. Hiyo njia hakikisha iko wazi kweli pande zote mbili, chini kwenye upenu na juu kwenye mgongo wa paa, ikiwa imezibwa upande mmoja haitakusaidia. Alafu shiti za poliaiso nzimanzima, sio vipande, nikazipiga CHINI ya kenchi zikafunika kila kitu kama shuka moja. Hapo kenchi ikivimba ikisinyaa haijalishi, kwasababu kiungo hakiko pembeni yake tena. Na faida nyingine ambayo sikuitarajia kuwa kubwa vile: zile kenchi zenyewe zinapitisha joto takriban mara tano zaidi ya poliaiso ya unene uleule, kwahiyo ukijaza katikati tu kila kenchi inabaki njia ya joto kupita. Kabla ya kufunika piga alama za kenchi kwenye ukuta, ukisahau utakuwa unatoboa kwa kubahatisha na skrubu zinakosa mbao.

Poliaiso yenyewe naipa alama za juu. Kwa kipimo cha R cha Wamarekani (namba ikiwa kubwa ndo joto linazuiwa zaidi) inatoa kama 6 kwa kila inchi, wakati povu jeupe la kawaida ni kama 4 na pamba ya faibaglasi ni 3 na kidogo. Nyepesi, mtu mmoja anainua shiti ila wakati wa kuifunga mtu wa pili wa kushikilia unamhitaji. Inakatika na kisu, unakata foili ya upande mmoja na nusu ya povu unavunja kwenye ukingo wa meza alafu unamalizia foili ya pili. Hasara zake: kona zinavunjika haraka ukiiangusha, na kwenye baridi kali sana uwezo wake unapungua kidogo, wanaoishi sehemu za barafu wahesabu hilo. Pia foili haipitishi unyevu kabisa, kwahiyo usije ukaweka na nailoni sehemu nyingine juu yake ukafungia unyevu katikati, mbao lazima ziwe na upande mmoja wa kukaukia, na hakikisha kila kitu kimekauka kabla ya kufunika. Mimi niliacha wazi wiki mbili na feni inazunguka.

Tepu ndo kitu nilichokidharau na ndo imefanya kazi kubwa kuliko vyote. Nilinunua aina mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba gundi yake hafifu, nikaibandika jioni asubuhi nikakuta ncha zimejikunja, nikaitoa yote. Ya pili ni pana, ina gundi ya akriliki, hiyo imeshika mpaka ukiivuta inang'oka na foili. Lakini hata nzuri haishiki kwenye vumbi la povu, na ukikata shiti vumbi lile linaruka linakaa kila mahali, kwahiyo futa kiungo kwa kitambaa kikavu, bandika, alafu kandamiza kwa kipande cha plastiki kigumu ukienda na kurudi mpaka foili ing'ae na mstari wa kiungo uonekane chini yake. Ukiona kijipovu cha hewa chini ya tepu, hapo bado. Sehemu ya kilele na pale dari linapokutana na ukuta nilichukua muda mrefu kuliko dari zima.

Povu la kopo sasa. Lina nafasi yake: kuzunguka nyaya, pembezoni mwa shiti na ukuta, matundu yasiyofikika. Tikisa nusu dakika, lishike kichwa chini, na kama hewa ni kavu nyunyiza maji kidogo kwanza kwasababu linakomaa kwa unyevu. Jaza nusu ya tundu tu litavimba lenyewe. Ila heshimuni hicho kitu, lina kemikali inayoumiza mapafu na macho, glavu, miwani, barakoa ya kemikali sio ya kitambaa, madirisha wazi, na mama nilimhamisha kabisa siku hizo. Likikauka kwenye ngozi halitoki kwa maji wala sabuni, linatoka na siku. Na KAMWE usilitumie kuzunguka bomba la moshi, pale nilikata bati nikafunga na silikoni ya kuhimili moto, na pamba ya mawe kwa mbali kufuatana na maelekezo ya bomba lenyewe.

Taa za kuzama nilizitoa zote nikaweka za kubandika juu ya dari, kutoboa shiti niliyoihangaikia kwa tundu la sahani ni kujirudisha nyuma. Waya mmoja, tundu dogo, povu, tepu, basi.

Juu ya shiti nikapiga papi (mbao nyembamba) kwa skrubu ndefu zinazoingia ndani ya kenchi angalau sm 4, alafu jipsam bodi ya mm 12.5, alafu ndo mbao zetu zikarudi kwa namba zake. Jipsam imeongeza uzito na siku mbili za kazi, wengine wanairuka. Mimi sikuiruka kwasababu poliaiso ni povu na povu linaungua, sehemu nyingi sheria ya ujenzi inataka lifunikwe kwa kitu cha kuzuia moto kwa muda, na ndani humo analala mama yangu. Ulizieni mamlaka ya kwenu inataka nini kabla hamjafunika.

Matokeo: kipimajoto cha mkono cha kuelekeza kwenye dari kinasoma karibu sawa kwenye kenchi na katikati, zamani mistari ya kenchi ilikuwa inaonekana wazi. Baridi imepita hakuna tone hata moja. Ubao mmoja karibu na kilele niliufunga kwa skrubu badala ya misumari, na nyuma yake nikaacha kifuniko kidogo chenye tepu ili niweze kuingiza mkono mpaka kwenye plaiwudi. Nilifungua juzi, nikapapasa, pakavu, plaiwudi inanukia mbao. Mama sasa analala na blanketi moja.

Kilichobaki ni kona moja nyuma ya boriti kubwa, udi ukifika pale moshi bado unayumba kidogo. Shiti haikuweza kuingia vizuri na tepu haishiki kwenye boriti maana uso wake ni wa mbao ya kuchongwa tu, haujalainishwa. Nimenunua silikoni ya kupaka na wiki ijayo nafungua mbao tatu za pale, namba 41 mpaka 43.