Mario wa Kwanza, wa Pili au wa Tatu: Kaseti ya Kununua Kwanza Ukiwa Kigoma

Kama una mashine ya gemu ya TV na fedha inatosha kaseti moja tu ya Mario, gemu ya Nintendo ya kukimbia na kuruka, nunua Super Mario Bros. 3, na iwe peke yake kwenye kaseti, si ndani ya furushi la gemu mia. Kwanza hakikisha mashine yako inaikubali. Mashine nyingi za kuiga zimefuata Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, ambayo kaseti yake ina meno 60 (vile vipande vya chuma vya kuchomekea). NES, toleo lake la Marekani na Ulaya, ina meno 72 na kaseti yake ni ndefu zaidi. Hizi mbili haziingiliani bila kiunganishi cha kati, kwa hiyo nenda dukani na mashine yako, uwe unanunua Mwanga au Ujiji.

Nafasi ya 1: Super Mario Bros. 3 (Japani 1988, Marekani 1990)

Ina dunia 8, kila moja na ramani yake, na unachagua njia ya kupita. Jani linakupa mkia: ukikimbia hadi mishale ya chini ya skrini ijae na herufi P iwake, unaruka angani. Hapo ndipo mfululizo huu ulipokomaa. Mario anashika breki vizuri, anageuka haraka, na ukikosea unajua kosa ni lako.

Haihifadhi mchezo, na hapa kwetu umeme ukikatika ukiwa dunia ya 7 unaanza upya. Dawa yake ni filimbi, inayokurusha dunia za mbele. Katika hatua ya 3 ya dunia ya 1 tafuta tofali kubwa jeupe karibu na mwisho, simama juu yake, bonyeza chini kwa sekunde kama 5. Mario atazama nyuma ya mandhari; kimbia kulia hadi kwenye nyumba yenye filimbi ya kwanza. Ya pili iko kwenye ngome ya dunia hiyohiyo: ingia na mkia, ruka juu ya dari, endelea kulia. Piga moja, na ukiwa bado kwenye kisiwa cha mabomba inakokutupa, piga ya pili: unafika dunia ya 8 moja kwa moja.

Kaseti hii ndiyo inayoharibikiwa zaidi na nakala duni. Gemu ina KB 384 na inategemea chipu ya ziada inayohesabu mistari ya picha ili upau wa chini, wenye alama na maisha, utulie. Nakala mbovu, au mashine ya bei ya chini sana, inashindwa kuhesabu, na upau unatetemeka au unavunja picha. Usikubali kuonyeshwa jina la gemu tu. Ingia hatua ya kwanza, kimbia kulia na kushoto kwa dakika mbili huku macho yako yakiwa chini ya skrini. Ukitetemeka, jaribu kaseti hiyohiyo kwenye mashine nyingine kabla ya kuilaumu.

Nafasi ya 2: Super Mario Bros. (1985)

Dunia 8, hatua 32, KB 40 tu. Kwa udogo huo imo karibu katika kila kaseti ya njano ya gemu nyingi, kwa hiyo huenda tayari unayo. Ile orodha ya gemu 9999 kwenye kaseti hizo ni gemu chache zilizorudiwa, moja inaanzia dunia ya 1, nyingine ya 5, nyingine Mario akiwa na maisha mengi.

Ni ngumu kwa haki. Skrini hairudi kushoto, basi ukipita uyoga umeupoteza. Maisha yakiisha, shikilia A kisha bonyeza Start kwenye skrini ya mwanzo: unaanzia dunia uliyofia. Ukizima mashine, nafasi hiyo inapotea. Kwa mtoto anayeanza, hii ndiyo shule bora ya kuruka.

Nafasi ya 3: Super Mario Bros. 2 ya Marekani (1988)

Ilitengenezwa kutokana na gemu nyingine ya Japani ya 1987, Doki Doki Panic, ndiyo maana unang'oa mboga na kuzirusha badala ya kukanyaga maadui. Kuna wahusika wanne: Luigi anaruka juu zaidi, Toad anang'oa haraka, binti mfalme anaelea kidogo hewani. Nzuri, ila anayetaka Mario wa kawaida atashangaa.

Nafasi ya 4: Super Mario Bros. 2 ya Japani (1986)

Jina lilelile, gemu tofauti kabisa. Ilitoka kwenye diski, kwa hiyo kaseti yoyote utakayoiona ni nakala iliyogeuzwa. Ina uyoga wa sumu, upepo, na mabomba yanayokurudisha dunia za nyuma. Usimnunulie anayeanza. Kuzitofautisha ni rahisi: ikikuuliza uchague Mario au Luigi tu kwenye skrini ya mwanzo, ni hii, ikikupa wanne, ni ya Marekani.

Lebo zenye Mario 6 au Mario 14 ziache. Kwenye mashine hii hakuna Mario rasmi aliyepita namba 3. Hizo ni gemu za watu wengine zilizobadilishwa kichwa cha mhusika.

Kabla ya kulipa

Jaribu pedi: shikilia B kwa ncha ya kidole gumba na bonyeza A kwa sehemu ya chini ya kidole hichohicho. Mario asiporuka huku anakimbia, raba ya ndani imechoka. Uliza pia TV. Ya kichogo inaitikia papo hapo. Flati nyingi huchelewa kidogo na utaanguka mashimoni, kwa hiyo washa hali ya gemu kwenye mipangilio. Mashine iliyotoka Japani ina adapta ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 zetu inaungua.

Karibu na ziwa, unyevu unafanya meno ya shaba yaote kutu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaongeza kutu. Lowesha pamba ya masikio kwa spiriti, futa kutoka juu kwenda chini, acha dakika 10 yakauke. Msasa usiuguse kabisa: unakwangua tabaka la juu, na kutu hurudi haraka kuliko mwanzo.