Kupaka seli kwa mkono, au kuziachia namba zipake?

Unapochora picha kwa kupaka rangi seli za Excel, programu ya majedwali, kabla ya yote fanya seli ziwe mraba. Seli mpya kwa kawaida ina upana wa pikseli 64 na kimo cha 20, hivyo usipopunguza upana wa safuwima, uso utakaouchora utatanuka.

Kupaka kwa mkono ni rahisi: chagua seli, bofya kopo la rangi, na F4 hurudia rangi ileile kwenye seli nyingine. Kwa ua dogo au herufi, inatosha.

Mimi napenda zaidi namba. Kwa Conditional Formatting, yaani Excel kupaka seli kulingana na namba iliyomo, unaweka kanuni kwamba 1 ni nyekundu, 2 ni kijani, kisha unaandika namba tu na picha inajitokeza yenyewe. Ukitaka anga iwe ya machungwa badala ya bluu, unabadilisha kanuni moja na anga yote inageuka. Kwa mkono ungeifukuzia seli moja moja. Hata picha ya kamera, ikigeuzwa namba za 0 hadi 255, huonekana kwa mpito wa rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe. Namba zenyewe zifiche kwa umbizo la namba la ;;; ili zisiharibu sura.