Kayaki na hema kisiwani, Nile ya Jinja: uzoefu wangu

Watu wa pwani wanajua maji hujaa na kupwa kwa hesabu ya mwezi. Kwenye Nile, kati ya bwawa la Bujagali na la Isimba, bamvua huja kwa hesabu ya umeme: mitambo ikipitisha maji zaidi, ufukwe wa kisiwa unaliwa bila tone la mvua. Nililipia kayaki ya plastiki, kasia, helmeti, jaketi okozi, hema na kuvushwa kwa mashua.

Kayaki ni nzima, kasia nyepesi. Kitambaa cha kuziba kiti, kile unachovaa kiunoni ili maji yasiingie chomboni, ndicho kibovu, kimelegea; wimbi la kwanza tu linajaza maji na chombo hakigeuki tena. Kijaribu nchi kavu, na hakikisha ule mkanda wa kukichomolea umebaki nje. Ukiufungia ndani na kayaki ikapinduka, utautafuta chini ya maji.

Hema wahudumu walilisimika mchangani, karibu na maji, kwa kuwa panapendeza. Lihamishe. Mchanga laini usio na nyayo wala majani umeoshwa jana. Tafuta magugu maji na nyasi kavu zilizonasa kwenye mizizi: hapo ndipo maji yalipofika, na hema likae juu zaidi ya hapo. Chomeka kijiti ukingoni, ukikague kila nusu saa. Kayaki ipandishe, igeuze kifudifudi, funga omo (mbele) na tezi (nyuma) kwenye miti miwili.

Ukiuliza hali ya mto unajibiwa, “maji ya kawaida.” Kawaida ya saa ngapi? Hii ndiyo kasoro kubwa ya huduma yao. Maji yakiwa mengi mawe hufunikwa, lakini mkondo hupita katikati ya vichaka vya kisiwa. Maji yanapenya, mtu ananasa. Yakipungua, mkono wa mto ulio nyuma ya kisiwa huota miamba, na njia uliyopita asubuhi huenda usirudi nayo jioni.

Kuvuka, elekeza omo yanakotoka maji, kwa pembe ndogo. Ukielekeza ng'ambo moja kwa moja utachukuliwa. Ukitoka nyuma ya jiwe kuingia mkondoni, lalia upande yanakokwenda maji. Ukilalia yanakotoka, yanapanda juu ya chombo na kukupindua papo hapo.

Kichocho kipo. Praziquantel, dawa yake, haiui minyoo michanga, kwa hiyo usiimeze siku ya kurudi nyumbani; panga na daktari kipimo na dawa wiki kadhaa baadaye.