Msumeno wa radiali wa zamani: tathmini baada ya miaka mitatu ya kuutumia

Kwa muda wa miaka mitatu sasa nimekuwa nikikatia mbao zangu kwa msumeno wa radiali wa DeWalt wa miaka ya 1950, wenye diski ya inchi 10 na mkono wa chuma cha kusubu, nilioununua kwa fundi mmoja aliyekuwa akifunga karakana yake. Naandika tathmini hii kwa sababu wanunuzi wengi wa mashine hizi huzipima kwa rangi na kwa mlio wa mota, ilhali uzuri wake wote umo katika uthabiti wa mkono na wa nguzo inayoubeba.

Kwa asiyewahi kuuona, huu ni msumeno ambao mota na diski vyake vimening'inizwa juu ya meza, chini ya mkono wa chuma. Ubao hutulia ukiwa umeegemezwa kwenye ukingo, yaani kipande cha mbao kilichosimamishwa upande wa nyuma wa meza, na fundi huvuta kitoroli cha mota kuelekea kwake ili diski ipite juu ya ubao. Raymond DeWalt aliubuni mwaka 1922 alipokuwa akisimamia kiwanda cha mbao katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, na kwa miongo kadhaa ukawa chombo cha kawaida katika karakana na sehemu za ujenzi, hadi misumeno midogo ya kukatia pembe, inayobebeka kwa mkono mmoja, ilipochukua nafasi yake.

Siku niliyokwenda kuukagua niliomba kwanza uchomolewe kwenye umeme. Niliukaza mkono kwa kishikio chake, kisha nikaishika ncha yake ya mbele na kuisukuma kulia na kushoto kwa nguvu. Ncha haikusogea, na hilo pekee lilinipa moyo wa kuendelea. Mkono unaocheza hata ukiwa umekazwa hautakata pembe mraba mara mbili mfululizo, na kosa likiwa ni la nguzo iliyolika, marekebisho yake huhitaji fundi wa mashine mwenye vifaa vya karakana ya chuma. Baada ya hapo nilikivuta kitoroli taratibu kutoka nyuma hadi mbele, nikisikiliza kwa vidole. Beringi zake hukimbia kwenye njia mbili zilizochongwa ndani ya mkono, na kwa kuwa mafundi wengi hukata mbao nyembamba, njia hizo hulika zaidi karibu na ukingo kuliko mbele. Ukizikaza beringi ili zisicheze pale palipolika, kitoroli kitakwama kikifika palipo pazima. Wangu ulikuwa na ulaji mdogo sana, lakini niliwahi kuuacha mwingine, uliong'arishwa kwa rangi mpya, kwa sababu hiyo tu.

Mota ni jambo la pili. Kwenye kibati chake husomwa volti, ampea na hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, na hizo hezi zinapuuzwa mno. Mashine nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60, ambapo diski huzunguka kama mara 3,450 kwa dakika; kwenye umeme wa hezi 50 mzunguko hupungua kwa sehemu moja ya sita, na mota hupata joto zaidi. Nyingi hubadilishwa kutoka volti 120 hadi 240 kwa kupanga upya nyaya zake, lakini hakuna upangaji wa nyaya utakaobadilisha hezi. Angalia pia waya wa umeme wenyewe: ule wa kwangu ulikuwa na ganda la mpira lililopasukapasuka kama udongo mkavu, nikaubadilisha kabla ya kuiwasha mashine hata mara moja.

Kazi iliyonichukua siku mbili nzima ni kunyoosha, na hapa ndipo sifa mbaya ya misumeno hii inapotoka. Husemwa kwamba haikai sawa, nami naamini wengi wanaosema hivyo hawakuwahi kufuata mpangilio unaotakiwa, kwa kuwa kila hatua husimama juu ya iliyotangulia. Nilianza na meza, nikaisawazisha na njia ya mkono kwa kutumia chuma chembamba kilichofungwa mahali pa diski, nikikizungusha hadi kiguse kila pembe ya meza kwa mkwaruzo uleule. Ndipo nikaweka mbao mpya za MDF, yaani mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa, nikarekebisha mkono uwe pembe mraba na ukingo, kisha diski isimame wima juu ya meza.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni kuhakikisha kwamba diski yenyewe inaelekea kule kule kitoroli kinakokwenda. Nilitia alama ya penseli kwenye jino moja, nikalipima kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, likiwa upande wa nyuma, nikalizungusha hadi mbele na kulipima tena. Tofauti ilikuwa unene wa karatasi mbili hivi. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa ikiacha uso wa ubao umeungua upande mmoja na kuchanika nyuzi upande wa pili. Nilipolegeza bolti mbili, nikakigonga kitoroli kidogo kwa nyundo ya mbao na kuzikaza tena, alama zile zilitoweka. Kuthibitisha pembe mraba nilikata ubao mpana, nikakigeuza kipande kimoja juu chini na kuviunganisha tena viwili hivyo kwenye ukingo. Pengo lolote linaloonekana hapo ni kosa lililozidishwa mara mbili, na langu halikupitisha hata karatasi.

Diski niliyoikuta juu yake niliitupa. Meno ya chini ya diski husukuma ubao kuelekea ukingo, na kwa hiyo mashine yenyewe huvutika kumjia fundi. Diski ya kupasulia, yenye meno yaliyolala mbele, huzidisha mvuto huo kiasi cha kuupandisha msumeno juu ya ubao na kuizima mota. Nilinunua ya meno 60 yenye mwinamo wa nyuzi tano hasi, yaani meno yaliyolala nyuma kidogo, na tangu hapo naivuta mashine kwa mkono ulionyooka bila kuhisi kwamba inanikimbilia. Mkono wa pili hauikaribii njia ya diski chini ya sentimita 15, na sichukui kipande kabla diski haijasimama kabisa, kwa maana mota hizi huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya kuzimwa.

Kupasua mbao kwa urefu inawezekana kwa kugeuza mota, lakini mimi siutumii msumeno huu kwa kazi hiyo. Ubao ukiingizwa kutoka upande usiofaa hunyakuliwa na kurushwa kwa nguvu kubwa, na kosa hilo halitoi nafasi ya kujifunza. Kwa kupasua natumia msumeno wa meza.

Kuhusu usalama wa chombo chenyewe, anayefikiria kununua wa chapa ya Craftsman, uliotengenezwa na kampuni ya Emerson, ajue kwamba mwaka 2000 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani na Emerson zilitangaza mwito wa marekebisho kwa misumeno ya radiali ya chapa hiyo ipatayo milioni 3.7, kwa sababu iliuzwa bila kinga inayofunika diski yote. Wenye mashine nyingi kati ya hizo waliahidiwa kinga mpya. Ukikutana nayo sokoni, uliza kwanza kama kinga hiyo imefungwa, na kama haipo, ihesabu kama sehemu ya gharama.

Kilichonifanya niutunze msumeno huu ni mitaro ya kabati za vitabu. Ubao wa kando hulala bapa juu ya meza, mistari ya penseli ikionekana wazi mbele ya macho yangu. Nashusha diski hadi kina cha milimita sita, navuta, nasogeza ubao upana wa jino, navuta tena, mpaka mtaro ufikie unene wa rafu. Kwenye msumeno wa meza kazi hiyo hufanyika chini ya ubao, pasipoonekana. Hapa nauona kila mkato unapofika kwenye mstari, na rafu huingia kwa kugongwa na kiganja tu.