Miezi nane na CHR ndani ya Proxmox, ruta yangu sasa ni VM

Nna miezi nane home hakuna ile ruta ya boksi, kuna kompyuta ya Dell Optiplex ya mtumba niliyoitoa Kariakoo, RAM giga 16, nikaichomeka kadi ya mtandao ya Intel ya milango miwili, juu yake Proxmox, programu ya kuendesha kompyuta pepe (VM) ndani ya mashine moja, na ndani ya Proxmox ndo inaishi CHR, ruta ya MikroTik iliyo programu tu, kama VM. Nimeipa RAM mega 512 tu na wala haihangaiki.

Siku ya kwanza nusura niitupe. Fiba ya mega 50, nikipima spidi napata 1. Nikampigia fundi wa fiba nikamfokea, mtu wa watu akaja akapima kwa kifaa chake, 50 hiyo hapo. Kumbe leseni ya bure ya CHR inabana kila intafesi (mlango wa mtandao) mega 1 kwa data inayotoka, na unachodaunlodi si kinatokea upande wa LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, basi nacho kinakabwa. Nikaomba majaribio ya siku 60 ya P1, leseni ya kulipia, hiyo inaenda mpaka giga 1, nikapata 48. Siku zikiisha haizimi ila huapdeti tena mpaka ulipie. Nimelipia dola 45.

Alafu CHR inakuja tupu, faiawoli haina hata sheria moja, ukizoea boksi za MikroTik za nyumbani zilizopangwa tayari utaumia.

Raha ni snapshoti, nakala ya VM nzima ilivyo muda huo. Kabla ya kuapdeti RouterOS, mfumo wa ruta yenyewe, nabonya moja, ikibuma narudi nilipotoka chap, kwenye boksi saa hizo nimeshika pini natafuta tundu la riseti.

Sasa balaa. Jumapili usiku nikaapdeti Proxmox yenyewe, nikairistati, ikawaka ila VM imelala, sikuwa nimeweka tiki ya kuwaka yenyewe. Nikadhani laptop inazingua nikairistati nayo, ikaamka haina IP maana DHCP, inayogawa IP kwa vifaa, iko ndani ya hiyo hiyo VM, ukurasa wa Proxmox pale poti 8006 haufunguki, watoto sebuleni "baba netii!", nigugo dawa, neti yenyewe ndo hiyo. Mwisho nikaiandikia laptop IP kwa mkono, nikaingia, nikaiwasha VM. Dakika 40, mama watoto tamthilia imempita hanisemeshi.

Tiki nimeweka, na IP ya Proxmox nimeibandika kwa selotepu juu ya keisi. Kilichobaki ni umeme, boksi ilikuwa inalala na pawabenki usiku mzima, hii UPS yangu inaishiwa dakika 20. Kwa hiyo boksi sijaiuza, ipo kabatini na kebo yake.